Boti ya Jumapili, sato na mafarao: hesabu ya muuza dagaa

Nianze na pesa, maana ndiyo mnayoniuliza tangu niweke zile picha za safari ya boti ya Jumapili hapa Mwanza, ile ya kuzungushwa Ziwa Victoria ukisimuliwa mto Nile na mafarao wa Misri. Shilingi 35,000 mtu mzima, 20,000 mtoto, muda wa saa tatu majini, chakula kimo, kiingilio cha kisiwa cha Saanane hakimo (hili la mwisho utaambiwa ukishafika getini). Wenye boti siwataji jina, kwa sababu nitawasema kidogo na Mwanza hii tunakutana kila siku.

Mimi nauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, huu mwaka wa 22. Maji kwangu ni mzigo, ni nauli, ni mwezi umechomoza au haujachomoza. Nilipowaambia wenzangu kwamba Jumapili nalipa nauli ili nikazungushwe ziwani nikisimuliwa mito ilivyowapa mafarao nguvu, walicheka mpaka mmoja akaangusha sado. Lakini mjukuu wangu yuko darasa la sita na amepagawa na mapiramidi. Na mtoto wa mdogo wangu, aliye kidato cha tatu, anasoma jiografia kwa kununa. Nikasema twendeni, kama hadithi ni mbovu tutakula sato.

Tuliambiwa saa mbili kamili asubuhi. Boti ilifika saa tatu kasoro dakika kumi. Ni boti ya mbao, ndefu, paa la turubai, mabenchi yamewekewa vigodoro, injini ya nyuma farasi 40. Niliikagua kama ninavyokagua boti ya kunibebea magunia: nikachungulia chini ya mbao, pakavu, nikauliza petroli ya akiba, ipo dumu moja. Vizuri. Maboya ya kuvaa sasa. Ya watu wazima 14, safi kabisa, yana filimbi. Ya watoto hakuna hata moja. Mjukuu wangu akavishwa la mtu mzima, shingo ikazama ndani kama kobe. Nikamwambia kijana kwamba hatuondoki. Mimi nilikuwa Mwanza hii hii Mei 1996 MV Bukoba ilipozama, na Septemba 2018 nilikuwa na wateja Ukara habari za MV Nyerere zilipoingia. Kwenye maboya sina utani. Nilijiandaa kwa ugomvi, lakini yule kijana akasema tu, “Mayu (yaani mama), una haki,” akadandia bodaboda, na baada ya robo saa akarudi na maboya mawili ya watoto. Kuchelewa nikakusamehe hapo hapo, ila jamani, yanunueni yakae botini.

Kijana huyo huyo ndiye msimuliaji. Umri kama miaka 25, sauti anayo, Kiswahili chake kinanyooka na Kisukuma anachomekea panapofaa. Alianza na Speke, kama wote wanavyoanza: tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza huyu alilitazama ziwa akiwa huku kwetu, na bila kulizunguka akaamua kwamba ndilo chanzo cha Nile, kisha Julai 1862 akafika kule Jinja yanakotokea maji. Akaongeza kwamba watu walikuwa wakiliita Nyanza na kuvua humo kabla babu yake Speke hajazaliwa. Tukapiga makofi. Tukapita Jiwe la Bismarck, watu wakapiga picha zao, na yeye akaona ndiyo nafasi ya kutoa ile kauli iliyoandikwa hata kwenye bango lao: “Bila ziwa hili, hakuna Farao!”

Hapo yule anayenuna akanyanyua mkono.

“Kaka, mafuriko ya Misri yalitoka Ethiopia.”

Boti nzima kimya. Mimi mwenyewe nilitaka kumfinya, kisha nikakumbuka nimemlipia ada. Akaendelea, tena bila daftari. Kwamba maji yanayofika Misri, kama sehemu 85 katika kila 100, ni ya milima ya Ethiopia, kwa Nile ya Bluu na wenzake. Kwamba mvua za huko za Juni mpaka Septemba ndizo zilizokuwa zikiuinua mto na kushusha tope jeusi mashambani. Kwamba maji ya kwetu yakishatoka Jinja yanapita Kyoga na Ziwa Albert, kisha yanaingia kwenye vinamasi vya Sudd huko Sudan Kusini, na karibu nusu inapotelea humo kwa jua. Kinachobaki ni kidogo, ila hakikatiki, ndicho kilichoutia mto uhai ile miezi Ethiopia iko kavu.

Nikaelewa kwa lugha yangu. Ziwa letu ni ule mshahara mdogo unaoingia kila mwisho wa mwezi, na Ethiopia ni mkupuo wa dagaa wa giza nene, usiku usio na mwezi boti zinapojaa. Farao alijengea piramidi mkupuo, lakini kwa mshahara ndiyo alikunywa maji Mei.

Msimuliaji akacheka, akasema, “Nimekamatwa,” akamwomba dada arudie ile ya Sudd ili aiandike. Nimekutana na wakubwa wengi wasioweza kufanya hivyo mbele ya watu 14. Bango lakini bado lipo, nimelipita Jumatano.

Sasa nije kwenye kile ambacho peke yake kinalipa ile 35,000.

Tulipofika karibu na mawe ya Saanane akazima injini na kutoa chini ya benchi kasia la zamani. Juu yake kuna mistari amechora kwa rangi ya kucha nyekundu. Mstari mkubwa ni dhiraa, yaani kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Kati ya dhiraa na dhiraa kuna mistari midogo ya viganja, na kati ya viganja kuna vidole. Akalitumbukiza wima pembeni mwa jiwe, akamwita mjukuu wangu: “Soma.” Mtoto akalala kifudifudi ukingoni, nami nimemshika boya kwa nyuma. Akasoma dhiraa mbili, viganja vitatu, kidole kimoja. “Wewe sasa ni karani wa mfalme,” akaambiwa. Mpaka leo hajashuka kwenye cheo hicho.

Ndivyo walivyofanya kweli. Kwenye kisiwa cha Elephantine, kule Aswan, mpaka leo zipo ngazi za mawe zinazoshuka majini, ukutani kuna alama za vipimo. Na lipo jiwe lililovunjika, kipande kikubwa kimehifadhiwa Palermo huko Italia, ambalo limeorodhesha miaka ya wafalme wa mwanzo kabisa, na chini ya mwaka limeandikwa mto ulipanda dhiraa ngapi, viganja vingapi, vidole vingapi. Hebu fikiri: jambo la kuandikwa kwenye jiwe pamoja na sherehe za mfalme, nalo ni kimo cha maji! Baadaye sana, karne ya 1, Mrumi mmoja aliandika kwamba dhiraa 12 ni njaa, 13 bado kuna njaa, 14 watu wanachangamka, 15 wanatulia, 16 ni furaha tupu. Msimuliaji alitusomesha hizo namba kwa kuitikia, kama darasani, na sasa siwezi kuzisahau.

Akataka kupita aendelee na maiti zilizokaushwa. Nikamzuia. Nikamuuliza, mwanangu, mfalme alitaka kujua kimo ili afanye nini? Akajibu, ili ajue kama mavuno yatakuwa mazuri. Ni kweli, lakini ameishia njiani, na hapa mniruhusu niseme la kwangu maana ndiyo kazi yangu.

Pale Mwaloni, dagaa anaingia alfajiri. Lakini bei haiamuliwi alfajiri. Inaamuliwa saa tisa usiku na mtu mwenye simu, aliyeambiwa na mwenzake wa visiwani kwamba leo boti zimejaa au zimerudi tupu. Mimi nikiamka saa kumi na moja na kwenda kubishana bei, yeye ameshamaliza. Samaki hajawa wake bado, boti hana, wavu hana. Ana habari tu, tena mapema. Karani wa Farao aliyesimama kwenye zile ngazi mwezi wa Agosti alikuwa ndiye huyo mwenye simu. Mkulima alipanda baada ya maji kushuka, akavuna karibu na Machi au Aprili, lakini kijiti kilishasoma dhiraa, na ikulu ilishajua mwaka huu kuna cha kukamua au hakuna. Tope lilikuwa la wote. Hesabu ilikuwa ya mmoja.

Kijana akaniambia, “Mama, hiyo ipo kwenye kadi zangu, lakini watu wanapenda maiti.” Nikamwambia azitoe hizo kadi.

Akazitoa. Ni picha alizozipiga lamineshoni, kama 20 hivi, na kusema kweli zile alizokuwa anazificha ndizo nzuri. Moja inaonyesha mfalme wa zamani akisafiri mtoni na wakuu wake kila mwaka wa pili, kituo kwa kituo, ng'ombe wakihesabiwa. Msafara huo waliuita wa kumfuata Horus, mungu wao wa kipanga. Yaani mfalme mwenyewe anapanda boti kwenda kukusanya! Nyingine ni ya karatasi za mafunjo zilizopatikana 2013 Wadi al-Jarf, ufukwe wa Bahari ya Shamu. Ni kumbukumbu za kazi za bwana mmoja anaitwa Merer, msimamizi wa kikosi cha mabaharia wakati wa Farao Khufu, mwenye ile piramidi kubwa ya mji wa Giza, zaidi ya miaka 4,500 iliyopita. Leo tumepakia mawe Tura, machimboni. Leo tumelala njiani. Leo tumefika Giza. Tumerudi Tura, boti tupu. Siku baada ya siku, kwenye mistari iliyopigwa vizuri. Nilikaa na ile kadi mpaka watu wengine wakaanza kuguna. Ninalo daftari la namna hiyo dukani: leo magunia 40 yametoka Ukerewe, leo boti imelala kwa upepo. Piramidi kubwa kuliko zote Misri, na karatasi zake za kale kuliko zote zilizopatikana ni daftari la mpakizi. Hapo nilimpa nyota nzima bila kuulizwa.

Kuhusu upepo naye alinikuna. Tulikuwa tumezima injini, na ilikuwa saa nne na kitu, ule upepo wa ziwani ndiyo unaanza kutusukuma kuelekea nchi kavu. Kila mvuvi wa tanga anaujua: alfajiri upepo wa nchi kavu unakutoa, mchana wa ziwani unakurudisha. Kijana akaonyesha alama mbili za maandishi ya Misri. Boti yenye tanga lililoinuliwa maana yake kwenda kusini. Boti isiyo na tanga maana yake kwenda kaskazini. Kwa sababu mto wao unatiririka kwenda kaskazini, na upepo wao kwa kawaida unavuma kutoka kaskazini. Unashuka na maji, unapanda na tanga. Mfalme aliyekaa Memphis, mji mkuu wa kale kule kaskazini, alimtuma mtu wake mpaka Aswan na kumrudisha bila tone la petroli. Mimi nalipia mafuta kwenda na kurudi, na boti ikirudi tupu nalipa vilevile. Nilipiga hesabu pale pale kichwani nikanyamaza, nisiharibu Jumapili.

Kitu nilichosikitika ni kwamba habari ya Semna aliipa dakika mbili, wakati kivuko cha Kamanga kilikuwa kinapita mbele yetu na mfano mzuri zaidi ya huo hautokei. Kule kusini, maporomoko ya pili ya Nile, mto unabanwa na miamba. Farao Senusret wa Tatu, miaka kama 1870 kabla ya Kristo, alikuwa na ngome mbili hapo zinazotazamana, Semna upande mmoja na Kumma upande wa pili. Akasimamisha jiwe la mpaka katika mwaka wake wa 8: Mnubi yeyote, yaani mtu wa nchi iliyo kusini mwa Misri, asipite kwenda kaskazini, kwa boti wala kwa miguu wala na mifugo, isipokuwa anayekwenda kufanya biashara mahali paitwapo Iken, au aliyetumwa ujumbe. Mwaka huo huo akausafisha mfereji kwenye maporomoko ya kwanza ili boti zake mwenyewe zipite. Wewe usipite, mimi nipite. Sisi tuliokuwa tukisubiri pantoni pale Kigongo na mizigo ya Sengerema na Geita, kabla daraja halijafunguliwa Juni 2025, tunajua maana ya sehemu moja ambayo lazima kila mtu apitie. Mwenye kushika kivuko hana haja ya kumfukuza mtu nyikani. Anakaa tu, utakuja. Ngome hizo leo huwezi kuziona mahali pake, maji ya Bwawa Kuu la Aswan lililokamilika 1970 yamezifunika.

Mjukuu wangu akauliza swali ambalo sikulitegemea: “Na wale wa juu wakiamua kushuka wao?” Kijana akaweka kadi chini. Hii hakuwa na picha yake, na ndiyo aliyoisimulia vizuri kuliko zote. Piye, mfalme wa Kush, nchi ya Wanubi, kutoka Napata nchini Sudan ya leo, karibu mwaka 727 kabla ya Kristo, alishuka na jeshi lake kwa mto huo huo. Alipofika Memphis akakuta kuta zimeongezwa kimo na malango yamefungwa, na wakubwa wake wakabishana, wengine wakitaka wajenge tuta la kupandia, wengine wauzingire mji. Yeye akatazama upande wa bandari. Maji yalikuwa yamepanda mpaka boti za mji zimefungwa kwenye nyumba. Akaamuru zikamatwe zote, za kuvushia watu na za mizigo, zikapangwa mstari, askari wakaingilia huko. Haya ameyaandika mwenyewe kwenye jiwe lililokutwa Jebel Barkal mwaka 1862. Hata mwendesha injini aliacha simu yake. Karne nyingi Farao anamzuia Mnubi Semna, na mwisho Mnubi anaingia kwa mlango wa maji akawa Farao yeye.

Mzee mmoja aliyekuja na wajukuu wanne akauliza kama mto ulipopungua wafalme waliporomoka. Kijana akajibu haraka ndiyo, akamtaja Ankhtifi, mtawala wa jimbo aliyeandika kaburini mwake kwamba nchi ya kusini ilikuwa ikifa kwa njaa mpaka watu wakala watoto wao. Maandishi hayo yapo kweli. Ila “ndiyo” ile ilikuwa nyepesi mno kwangu. Ankhtifi huyo huyo anajisifu kwamba yeye aliwalisha watu wake na nafaka ikamtosha kupeleka kwingine. Kwa hiyo nafaka ilikuwepo, suala ni ghala lilikuwa la nani. Nilitaka kumwuliza lakini injini ikawashwa, na injini ikiwaka hapo husikii neno. Wana kipaza sauti kidogo cha mkononi kinachokoroma. Bora wakiuze wanunue boya la mtoto.

Saanane yenyewe nitaipita upesi: pimbi wengi, mijusi yenye vichwa vyekundu, swala wawili kwa mbali, mawe mazuri ya kupigia picha. Chakula tulikula ufukweni. Sato wa kukaanga, wa vizimba kwa macho yangu, mbichi kabisa, mkaangaji anajua kazi, ngozi inavunjika kama kaukau. Kachumbari imewekwa ndimu ya kutosha. Ugali ulikuwa wa moto. Lakini pembeni wakaweka dagaa, na hapo mmenichokoza. Yule ni dagaa wa kuanikwa mchangani. Nilimjua kabla sijamweka mdomoni, tumbo lake lina rangi ya kijivu na ukitafuna unasikia kss. Dagaa wa kichanja anang'aa kama sarafu mpya na hana hata chembe. Tofauti ya bei kwa sado moja ni ndogo, mtu anayelisha wageni waliolipa 35,000 hana sababu. Nimemwachia mpishi namba yangu, na hii si tangazo, ni huruma.

Tulirudi saa saba. Njiani yule anayenuna alikuwa mbele kabisa na kijana, wanachora Sudd kwa kidole kwenye benchi lililolowa. Mjukuu amechukua rangi ya kucha ya mama yake, amechora dhiraa ubavuni mwa simtanki letu. Kila asubuhi anasoma, anaandika kwenye daftari, na jirani akija na ndoo anaulizwa atachukua viganja vingapi. Jana nilimkuta amemtoza mtu shilingi 200.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeizuia kwa ajili ya maboya na bango, nusu ya kosa la dagaa nimeifumbia macho. Ukipiga simu kuweka nafasi, taja umri wa watoto wako ili maboya yawepo, tenga pesa ya getini Saanane, na kaa benchi la pili kutoka mbele, mbali na injini. Kisha mwambie kijana aanze na zile kadi za chini.